Pedali ya Breki Inapodunda: Pima Kwanza, Diski Utanunua Baadaye

Diski inayofanya pedali idunde mara nyingi haijapinda. Ni nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Sehemu moja ya tano ya unene huo, yaani milimita 0.02, inatosha kukufanya uhisi pedali inakurudishia mguu kila unapokanyaga.

Ukielewa kwa nini, kazi nzima inakuwa rahisi. Pedi mbili zinaibana diski huku na huku. Sehemu nene ya diski ikipita katikati yao, pedi zinasukumwa nje, pistoni ya kalipa, kile chombo kinachobeba pedi, inarudi ndani kidogo, mafuta ya breki yanarudi kwenye paipu hadi master silinda, na kutoka hapo msukumo unafika mguuni kwako. Sehemu nyembamba ikipita, pedali inazama tena. Hivyo ndivyo inavyodunda, na ndiyo maana midundo inapungua kasi kadiri gari linavyopunguza mwendo.

Swali la msingi ni hili: huo unene umeharibikaje? Jibu mara nyingi ni kwamba diski haikukaa sawa kwenye habu, kile kitovu cha chuma ambapo diski na tairi hufungwa. Inazunguka ikiyumba kidogo sana. Ukiwa unaendesha bila kukanyaga breki kabisa, ile sehemu inayoyumba inagusa pedi kila mzunguko, maelfu kwa maelfu ya mizunguko kati ya hapa na Segera. Inalika pole pole mahali pale pale, au inapakwa masalia ya pedi mahali pale pale. Siku unapofunga diski mpya juu ya habu yenye kutu, gari linatulia vizuri. Baada ya kilomita elfu kadhaa pedali inaanza tena, na mwenye gari anaambiwa diski alizonunua ni feki. Huenda hazikuwa feki. Zilifungwa juu ya kutu.

Kwa sisi wa Tanga hili lina uzito wake. Gari linalolala Raskazone, Sahare au popote upepo wa bahari unapofika linakula chumvi usiku na mchana, na kutu inajijenga haraka mahali ambapo hakuna anayepaangalia: kati ya diski na habu. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya spea, fuata hatua hizi, wewe mwenyewe kama mkono wako umezoea spana, au ukiwa umesimama pembeni ya fundi wako.

Hakikisha kwanza ni tatizo hili

Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu wengi. Ile ya kwenda Horohoro, ukishapita Mabokweni, asubuhi na mapema inafaa. Endesha kwenye kilomita 80 kwa saa bila kugusa breki. Kama gari linatetemeka hata hapo, hilo ni suala la balansi ya matairi, tairi lenye uvimbe au rimu iliyopinda. Shughulika nalo kwanza. Kama limetulia, angalia nyuma kwenye kioo, kisha kanyaga breki taratibu na kwa nguvu ile ile hadi ufike 20. Usikanyage ghafla.

Sasa sikiliza kwa mwili. Usukani ukitikisika pamoja na pedali, tatizo liko mbele. Pedali ikidunda huku usukani umetulia na kiti ndicho kinachotikisika, wa kwanza kushukiwa ni nyuma. Mdundo wa diski unakwenda na mzunguko wa tairi. Gari dogo lenye rimu ya 14 likiwa kwenye 60, tairi linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Likiwa kwenye 20 ni mara 3, na hapo unaweza hata kuhesabu midundo.

Mdundo wa ABS, mfumo unaozuia matairi yasifunge unapokanyaga breki, ni mwingine kabisa. Huo ni wa haraka, mkavu, una mlio wa kukwaruza, na hauhusiani na kasi ya tairi. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye changarawe au lami iliyolowa na pedali ikatetemeka hivyo, mfumo unafanya kazi yake, usiachie mguu. Lakini kama ABS inashtuka kwenye lami kavu, gari likiwa karibu kusimama, mwendo wa mtu anayetembea, basi diski zako hazina kosa. Angalia sensa ya tairi na ile pete yake yenye meno. Kutu ikiitafuna pete hiyo, kompyuta inadhani tairi limefunga wakati halijafunga. Taa ya ABS si lazima iwake.

Kuna jaribio moja la nyuma ambalo mafundi wengi wanalijua. Kwenye barabara tupu, ukiwa kwenye 40, bonyeza kitufe cha handibreki na ukishikilie, kisha vuta mkono pole pole. Mtetemo ukijitokeza, dramu za nyuma, yale makopo ya chuma yanayobanwa na shuu kwa ndani, zina shida. Jaribio hili lina mipaka yake. Magari mengine yana diski nyuma na handibreki yake inatumia shuu ndogo zilizofichwa ndani ya diski. Hapo handibreki haikwambii lolote kuhusu uso wa diski. Na kama handibreki yako ni ya kukanyaga kwa mguu au ya umeme, liache kabisa, maana huna namna ya kuiachia haraka gari likianza kuserereka.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Pedali ikizama hadi chini, taa nyekundu ya breki ikiwaka, gari likivuta upande mmoja kwa nguvu, au ukisikia chuma kinasaga chuma, usifanye majaribio ya barabarani. Gari likae hapo hapo hadi lifunguliwe.

Nati za tairi, kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa, na kuparekebisha hakugharimu kitu. Angalia jinsi matairi yanavyofungwa kwa wanaoziba pancha. Nati ya kwanza inakazwa hadi mwisho, kisha ya jirani yake, kisha inayofuata, kwa mzunguko. Spana inaongezewa bomba refu, kijana anapanda juu yake na kuruka. Au mashine ya upepo inazipiga hadi ziimbe. Nati zikikazwa kupita kiasi na bila kulingana, zinaivuta diski pamoja na habu kwa nguvu tofauti kila upande, na diski inaanza kuyumba.

Toyota nyingi ndogo tulizonazo mjini, kama Vitz, IST, Premio na Corolla, zinataka nati zikazwe kwa nyutoni mita 103. Kijitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, kwa sababu magari makubwa yana vipimo vyake. Spana ya toki, ile inayotoa mlio ikifika kipimo ulichoiwekea, ndiyo ninayomsihi kila mwenye gari anunue au aazime. Nguvu ya mkono wa mtu haina kipimo.

Legeza nati zote za tairi moja gari likiwa chini, linyanyue, zikaze kwa mkono hadi rimu ikae, kisha zikaze kwa kupishana: hii, halafu ya upande wa pili, kwa mtindo wa nyota, kwa awamu mbili. Shusha gari na umalizie na spana ya toki. Fanya hivyo matairi yote manne, kisha endesha tena barabara ile ile. Kama tatizo lilianza siku chache zilizopita tu, mara tu baada ya kubadilisha tairi, inawezekana mdundo ukaisha hapo hapo. Kama umekuwepo miezi, nati pekee hazitatosha, kwa sababu diski imeshalika. Lakini kazi hujaipoteza. Usingeweza kupima chochote sawasawa bila kuanzia hapa.

Kunyanyua na kufungua

Simamisha gari kwenye sakafu ngumu na tambarare. Mchanga wa uani haufai, jeki inazama. Weka mawe kwenye matairi yanayobaki chini, vuta handibreki (isipokuwa unapofungua tairi la nyuma), na gia iwe kwenye N, kwa sababu ukiwa na gari la kuvutwa na matairi ya mbele na ukaliacha kwenye P, tairi ulilonyanyua halitazunguka. Nyanyua, weka stendi ya jeki chini ya chesesi, ushushe gari likae juu ya stendi. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kabla hujatoa tairi, lishike juu na chini, ulitikise ndani na nje. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki ndani ya gari na utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi ya habu imekwisha. Ukibaki, tafuta boljointi au bushi. Beringi mbovu lazima ibadilishwe kwanza, kwa sababu vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vya uongo.

Toa tairi. Fungua boliti za kalipa, vuta kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye paipu yake ya mpira hata dakika moja. Paipu inachanika ndani na huwezi kuona. Toa pedi, uzipange ukijua ipi ilikuwa ndani na ipi nje. Kama moja imelika sana kuliko mwenzake, pini za kalipa zimeganda. Zivute, zifute, angalia mipira yake haijapasuka, zipake grisi maalumu ya breki ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira hiyo na baada ya muda pini zinaganda vibaya kuliko mwanzo.

Kupima

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Rudishia nati zote kwenye diski ukiwa umeweka washa (pete bapa za chuma) chini yake, uzikaze kwa usawa ili diski ikae kama inavyokaa ikiwa na tairi.

Kipimo cha kwanza ni kuyumba. Kinafanywa kwa geji ya saa, ile yenye sindano na mguu wa sumaku. Sumaku inashika kwenye chuma cha shokapu au pembeni ya nako, kile chuma kinachobeba habu, ncha ya geji inagusa uso wa diski kiasi cha milimita 10 kutoka ukingoni. Iweke sindano kwenye sifuri, uzungushe diski pole pole kwa mkono duara zima. Tofauti kati ya sindano ilipofika juu kabisa na chini kabisa ndiyo kuyumba kwa diski. Kwa magari mengi madogo mwisho unaokubalika ni kama milimita 0.05. Weka alama ya chaki mahali ilipoyumba zaidi, kwenye diski na kwenye habu pia. Alama hizo mbili utazihitaji.

Gereji nyingi za mtaani, za Ngamiani na kwingineko, hazina geji ya saa. Fila geji, ile ya majani membamba yenye vipimo, ipo, kwa sababu ndiyo inayopimia plagi na valvu. Funga chuma kigumu chenye ncha kwenye nako, kwa waya wa kukaza au klampu, kisicheze hata kidogo. Zungusha diski hadi pale inapokaribia ncha zaidi, sogeza ncha iguse kwa shida, kisha zungusha hadi upande wa pili ambako nafasi ni kubwa. Ukiweza kupitisha jani la fila la 0.05 bila kulazimisha, diski inayumba kupita kiasi. Si usahihi wa geji, lakini ni bora mara mia kuliko kukisia.

Kipimo cha pili ni unene, na hiki kinataka maikromita. Venia haifai hapa: ukingo wa diski iliyotumika huwa na mdomo wa kutu, midomo ya venia inakaa juu yake na kukupa namba isiyo ya kweli. Gawanya diski sehemu 8 kwa chaki, upime kila sehemu umbali ule ule kutoka ukingoni, uandike namba. Tofauti ya kubwa na ndogo ikizidi 0.02 umempata mhalifu. Halafu soma maandishi yaliyopigwa kwenye diski yenyewe, kwenye ile kofia ya katikati au ukingoni: herufi MIN TH na namba mbele yake. Huo ndio unene wa mwisho. Diski iliyofika hapo haifungwi tena kwenye gari, hata kama imenyooka.

Vijana wanaopeleka gari gereji wakiwa hawana vifaa hivi nawashauri waseme kwa adabu tu: "Kaka fundi, kabla hatujaamua kununua, naomba tuipime diski ikiwa bado kwenye habu. Gharama ya kupima nitalipa." Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika. Wengi wao hawapimi kwa sababu mteja ana haraka na hakuna anayekubali kulipia muda wa kupima.

Kutu ya habu

Toa diski. Ikigoma, tazama kama ina matundu mawili madogo yenye reza. Ingiza boliti mbili za milimita 8, uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, itajitoa yenyewe. Nyundo kwenye uso wa diski unaokusudia kuirudishia hapana.

Sasa inama uangalie habu kwa karibu, mchana, au kwa tochi ukiimulika kwa ubavu. Kwenye gari lililokaa pwani utaona uso wake si wa chuma tupu. Kuna maganda ya rangi ya kahawia, mengine yamebanwa yakawa magumu na meusi. Pitisha kucha kuzunguka mzizi wa kila boliti ya tairi. Mara nyingi hapo pana pete ndogo ya kutu iliyoinuka, ambayo brashi ya haraka haraka inapita juu yake bila kuigusa. Pete hiyo moja inatosha kuinua diski upande mmoja. Na kwa kuwa diski ni pana kuliko habu, kitu chochote kinachoiinua kwenye habu kinakuwa karibu maradufu kikifika ukingoni, pale pedi zinapofanyia kazi.

Anza na brashi ya waya kwa uso wote. Mizizi ya boliti ifanyie kazi peke yake: kata kipande cha bomba la chuma kinachoingia juu ya boliti, kipige meno madogo mwishoni au kigandishie msasa, ukizungushe kwa mkono hadi pete ya kutu itoke. Malizia uso wote kwa msasa uliofungwa kwenye kibao bapa, ili usichimbe mashimo kwa vidole. Usitumie grinda. Grinda inakula chuma chenyewe na habu ikishachimbwa hakuna wa kuirudisha. Fanya vivyo hivyo ndani ya kofia ya diski, upande unaokaa kwenye habu, na nyuma ya rimu pia. Futa vumbi kwa kitambaa. Ukitaka kuzuia kutu isirudi haraka, paka safu nyembamba mno ya grisi ya shaba kwenye uso wa habu, iwe kama kivuli tu, na isifike kwenye reza za boliti wala kwenye uso wa diski.

Rudishia diski, kaza nati na washa zake, pima tena. Wengi wanashangaa hapa: diski iliyokuwa inayumba 0.10 inashuka hadi chini ya kikomo bila kubadilishwa kitu chochote.

Kama bado inayumba, itoe, uizungushe hadi kwenye boliti inayofuata, upime tena. Habu ya boliti 4 inakupa nafasi nne, ya 5 inakupa tano. Angalia zile alama za chaki. Sehemu mbaya ikihama pamoja na diski, kasoro ni ya diski. Ikibaki pale pale kwenye habu hata ukiizungusha diski vipi, habu au beringi ndiyo iliyoharibika, na diski mpya haitakusaidia. Mara nyingi utapata nafasi moja ambayo kasoro ya habu na ya diski zinafutana. Iache hapo, uweke alama ya rangi, ili atakayeifungua kesho airudishie vile vile.

Kukereza au kununua

Kama diski inakaa sawa lakini unene wake una tofauti, lazima ikerezwe au ibadilishwe. Kukereza kunafaa pale unene uliobaki, baada ya kutoa tabaka la pande zote mbili, utakuwa bado juu ya MIN TH kwa nafasi ya kutosha kulika tena. Diski iliyobakiza nusu milimita tu usipoteze hela ya mashine.

Mkerezaji aishike diski kwa uso ule ule unaokaa kwenye habu, ukiwa umesafishwa kwanza. Akiishika vibaya atakuletea diski inayong'aa na kuyumba kuliko ulivyompelekea. Ipime tena mara tu unapoirudishia. Ile ya kuikwangua diski kwa kisu cha grinda ikiwa inazunguka kwenye gari, ambayo nimeiona ikifanywa kando ya barabara, ikataeni. Haiwezekani kuondoa milimita 0.02 kwa mkono unaotetemeka.

Ukinunua, nunua mbili, kushoto na kulia, pamoja na pedi mpya. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Osha kwa dawa ya kusafishia breki au kwa sabuni na maji ya moto, uikaushe. Petroli inaacha unyevu wa mafuta, na karibu na gereji yenye cheche ni hatari. Kisha zipime hata hizo mpya. Diski ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililokatwa inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini bila maikromita unanunua gizani.

Dramu za nyuma

Kwa dramu maelezo ni mafupi. Itoe, usafishe habu yake vile vile, upime kipenyo cha ndani kwa mielekeo minne. Vikitofautiana, dramu si duara tena. Ndani yake imeandikwa MAX, kipenyo ambacho haipaswi kukizidi hata ikikerezwa. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, kwani shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa.

Dramu huharibika hivi mara nyingi kwa sababu ya handibreki. Mtu anateremka na gari zito, dramu zimechemka, anafika anavuta handibreki kwa nguvu zote na kwenda kula. Dramu inapoa ikiwa imekumbatia shuu na inaharibu umbo lake.

Kurudishia na kuzoesha pedi

Funga kila kitu, tairi kwa mtindo wa nyota na spana ya toki. Kabla hujawasha gari kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Ulirudisha pistoni ndani ulipoweka pedi, kwa hiyo kanyago la kwanza litakwenda hadi chini, na wapo waliogonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili. Angalia kiwango cha mafuta ya breki kwenye kikopo chake.

Pedi na diski mpya, au zilizokerezwa, zinahitaji kuzoeana. Rudi kwenye ile barabara iliyonyooka. Panda hadi 50 au 60, kanyaga kwa nguvu ya wastani ushuke hadi 10, usisimame, kisha endesha nusu dakika breki zipate upepo. Rudia mara nane hadi kumi. Ukimaliza, endesha dakika kumi bila kugusa breki sana. Ukisimama na kubana pedi za moto mahali pamoja, masalia yake yanaganda hapo na umejitengenezea mdundo mpya siku hiyo hiyo.

Baada ya kilomita 100 hivi, kaza nati tena kwa spana ya toki.

Mteremko wa Lushoto na maji ya baridi

Anayepanda na kushuka milima ya Usambara ana kazi zaidi kuliko anayezunguka mjini. Kutoka Lushoto kupita Soni hadi Mombo ni kona na mteremko, na dereva anayeshuka akiwa kwenye D, mguu juu ya breki muda wote, anafika chini na diski za moto mno. Shuka kwa gia ndogo: 2, L, S au B kulingana na gari lako, na gia ya pili au ya tatu kwa gari la mkono. Breki ikanyagwe kwa vipindi, kwa nguvu, kisha iachiwe kabisa ipoe.

Ukifika Mombo usisimame ghafla na kubana pedali. Endesha pole pole kilomita chache kwenye tambarare kwanza. Ukisimama, tumia P, au gia kwa gari la mkono, na jiwe kwenye tairi, huku handibreki ikisubiri dramu zipoe. Na usikubali vijana wa kuosha magari wapige maji ya baridi kwenye rimu wakati huo, hata wakikuhimiza kuwa zimejaa vumbi. Mwambie aanze na bodi na vioo, rimu aziache za mwisho.

Kwa gari linaloegeshwa wiki nzima karibu na bahari, pedi huacha chapa ya kutu kwenye diski pale zilipokaa. Ya usiku mmoja inafutika kwa makanyago machache ya asubuhi. Ya wiki tatu inachimba, na hapo utahisi mdundo mmoja kwa kila mzunguko, mahali pale pale. Jaribu kuifuta kwa kukanyaga breki kwa nguvu ya wastani mara kadhaa barabarani. Isipokwisha baada ya siku mbili za kuendesha, fungua diski na upime. Gari ambalo halina safari lisogeze hata mita chache kila baada ya siku mbili tatu, na kama ni lazima likae muda mrefu, liegeshe bila handibreki, kwenye P au kwenye gia, likiwa na mawe mbele na nyuma ya matairi.